"Nilishamaliza Kusoma": Mwongozo wa Kurudi Kitabuni kwa Mtu Aliyechoka Kichwa

Mwaka juzi mama mkwe alikuja kukaa kwetu wiki tatu. Usiku wa pili akanikuta sebuleni na riwaya mkononi, miguu nimeipandisha kwenye stuli. Akasimama mlangoni kidogo, kisha akauliza kwa huruma kabisa: "Baba, una mtihani tena?" Nikamwambia hapana mama, najisomea tu. Akatikisa kichwa, akaenda kulala. Asubuhi nikamsikia jikoni akimwuliza mke wangu: "Mwenzio mbona bado anasoma? Si alishamaliza?"

Hakukosea. Lugha yetu yenyewe ndivyo inavyosema. "Anasoma Tabora" maana yake yuko shule Tabora. "Amesoma sana" maana yake ana vyeti. Na "nimemaliza kusoma" maana yake umevua sare na hutaki kuliona daftari tena. Neno moja limebeba kitabu, ada, viboko na mtihani wa taifa, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana wengi wetu tulifunga kitabu cha mwisho siku tuliyotoka kwenye chumba cha mtihani, na tangu hapo tukishika kitabu mwili unajikunja kana kwamba kuna mtu atakuja kusahihisha.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo. Zamani alikuwa msomaji, au alitamani kuwa, lakini sasa ukurasa wa pili haufiki mwisho mkono umeshaenda kwenye simu. Jioni kichwa kinawaka moto, usingizi unakuja wa mang'amung'amu. Nimekuwa mtu huyo kwa miaka kama sita. Ninayoandika hapa ni yale yaliyonitoa huko, pamoja na machache ambayo watafiti wameyapima. (Wasomaji wa Kenya, ambao "mwongozo" kwenu ni kile kijitabu cha kujibia maswali ya fasihi: tulieni, huku mwishoni hakuna maswali.)

Kabla ya yote: kitabu kinafanya nini kichwani?

Kazi yangu ni kutunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Mchana nashughulika na mabati, misumari na saruji. Usiku mabati, misumari na saruji vinanirudia vyenyewe. Nikizima taa tu, sauti ya ndani inaanza: yule fundi hajalipa, ile risiti niliiweka wapi, kodi ya nyumba inadaiwa tarehe ngapi.

Siku moja nikagundua jambo ambalo ndilo msingi wa hatua zote hapa chini. Ile sauti inayohesabu madeni ndiyo hiyohiyo inayosoma. Haiwezi kufanya kazi mbili kwa mpigo. Ikiwa inatamka kimoyomoyo "mzee akafungua dirisha, akaona ngalawa imepinduka", haiwezi papo hapo kutamka "laki tatu na sitini bado". Simu haiwezi kukufanyia hivyo. Ukiwa unaperuzi, macho yana kazi lakini ile sauti iko huru, ndiyo maana unaweza kupitisha video hamsini na bado ukawa unawaza deni lako vizuri tu.

Kwa hiyo utulivu hauletwi na idadi ya vitabu ulivyomaliza. Unaletwa na urefu wa muda uliokaa ndani ya kitabu bila kutolewa. Dakika kumi na tano za kuzama zinashinda saa nzima ya kuchungulia.

Kuhusu tafiti, chumvi ni nyingi, kwa hiyo nitataja zile ninazoona zina uzito na kusema mipaka yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wamarekani 3,635 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, kwa miaka 12. Waliokuwa wanasoma vitabu waliishi muda mrefu zaidi ya wasiosoma, kwa tofauti ya takribani miezi 23, na wasomaji wa magazeti na majarida hawakupata faida kubwa kama ya wasomaji wa vitabu. Watafiti walizingatia elimu, kipato na afya ya watu hao, lakini bado huwezi kuapa kwamba ni kitabu peke yake kilichorefusha maisha. Mwaka 2003 jarida kubwa la tiba la Marekani lilitoa utafiti wa wazee 469 wa New York, wote wamevuka miaka 75: waliokuwa wanasoma, kucheza michezo ya mezani kama karata, kupiga ala za muziki na kucheza dansi walipatwa kidogo zaidi na ugonjwa wa kusahau. Bao ni ndugu wa michezo hiyo, kwa hiyo babu zetu wa kibarazani wana hoja.

Lipo pia lile dai kwamba ukisoma riwaya nzito kidogo tu, papo hapo unakuwa hodari wa kusoma hisia za wengine. Lilitoka mwaka 2013 likavuma dunia nzima. Wengine walipolirudia jaribio, hawakupata matokeo yale. Mimi naamini riwaya humlainisha mtu, lakini kwa miaka, si kwa jioni moja. Twende kwenye hatua.

Hatua ya 1: Pima macho kabla ya kujilaumu

Hii wengi wanairuka, na ndiyo ya kwanza kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote. Ukifika miaka 40 hivi, lensi ya jicho inaanza kukakamaa na herufi za karibu zinafifia. Haiji kwa ghafla. Inakuja kama uvivu: unasoma nusu ukurasa, paji la uso linauma, unasema "siku hizi sina hamu ya kusoma". Jaribu hivi: shika kitabu umbali wako wa kawaida, kisha kisogeze mbali taratibu hadi mkono unyooke. Kama herufi zinazidi kuwa safi kadiri unavyokisogeza, tatizo si hamu. Nenda kapimwe, upate miwani ya kusomea. Miwani ya mezani inayouzwa barabarani itakusaidia siku mbili tatu, lakini macho mawili mara nyingi hayalingani, na kipimo kimoja kinaweza kufichua presha ya macho ambayo haina dalili.

Nilijilaumu miaka miwili kwa kukosa nidhamu, kumbe nilikuwa nahitaji namba moja na nusu.

Hatua ya 2: Chagua kitabu kisichokudai kitu

Hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Mtu amechoka, kichwa kimejaa, anaamua kurudi kusoma; anakwenda kununua kitabu cha kumfundisha namna ya kuwa tajiri, namna ya kuamka saa kumi alfajiri, namna ya kujitambua. Sivitukani vitabu vya hamasa, nimevisoma vya kutosha. Lakini kwa mtu aliyechoka vinafanya kazi ileile ya bosi: kila sura inakwambia kitu ambacho hujafanya. Unafunga kitabu ukiwa na madeni mapya juu ya yale ya zamani.

Kwa miezi mitatu ya kwanza, tafuta kitabu chenye watu na tukio. Riwaya ya upelelezi ni nzuri mno kwa kazi hii, kwa sababu swali la "nani kafanya" linakuvuta hata ukiwa umechoka. Hadithi fupi zinafaa kwa mtu asiye na subira. Tawasifu inafaa kwa wale wanaosema "mimi mambo ya kubuni siyawezi". Wengine wanatulizwa na ushairi, ubeti mmoja kwa usiku; wengine na kitabu cha dini yao, lakini kwa kukisoma polepole kama mgeni, si kwa mbio za kumaliza.

Lugha nayo. Tanzania tumesomeshwa sekondari kwa Kiingereza, basi tumebaki na imani kwamba kitabu cha maana lazima kiwe cha Kiingereza. Mtu anasoma huku kamusi ipo pembeni, anatafuta neno kila mstari. Huko ni kusoma kwa maana ya mama mkwe. Ukitaka kutulia, soma lugha inayoingia bila kubisha hodi. Kama ni Kiswahili, basi Kiswahili. Kama wewe ulikulia Nairobi na Kiingereza ndicho kinachokutoka usingizini, soma hicho bila aibu. Jaribio ni moja: fungua katikati ya kitabu, soma ukurasa mmoja. Kama umejikwaa zaidi ya mara nne tano, kirudishe rafuni, utakutana nacho mwakani.

Kuna njia ya mkato nitakayokupa: tafuta kitabu ulicholazimishwa shuleni. Ndiyo, kilekile. Ulikisoma ukiwa na miaka kumi na saba, unatafuta "dhamira" na "nafasi ya mwanamke", ukapigia mstari kila kitu bila kujua kwa nini. Kisome sasa hivi ukiwa na watoto, kodi na mzazi mgonjwa kijijini. Mimi nilikirudia kimoja nikafika mahali baba anamwuza ng'ombe wake wa mwisho, nikakumbuka kwamba kwenye daftari la kidato cha nne niliandika "huu ni umaskini". Safari hii nilikifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu, kisha nikampigia simu mzee wangu.

Hatua ya 3: Kipate bila kuvunja kibubu

Kitabu kipya cha dukani ni ghali kwa wengi wetu, sitajifanya sijui. Lakini kuna vitabu vya mtumba. Dar es Salaam wauzaji wanavipanga chini kwenye turubai, katikati ya mji na pembeni ya vituo vikubwa vya daladala. Nairobi wameviita "inama" kwa sababu lazima uiname kuchagua, na jina hilo peke yake linastahili tuzo. Usiwe na haraka. Mwambie muuzaji unachokipenda, rudi baada ya wiki; akikuzoea atakuwa anakuwekea. Cha mwisho kununua kilianza na shilingi 7,000 tukaachana kwenye 4,000, na ndani nikakuta barua ya mtu ya mwaka 1988 inayoomba nauli ya kwenda Moshi. Sikujua kama nauli ilitumwa.

Maktaba ni rahisi zaidi. Maktaba Kuu ya Taifa iko Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, imefunguliwa tangu mwaka 1967, na mikoa mingi ina maktaba yake chini ya bodi hiyohiyo. Nairobi kuna McMillan, jengo la mwaka 1931 lenye simba wa mawe mlangoni. Nenda kaulizie ada ya uanachama na masharti ya kuazima. Hata usipoazima, kukaa saa mbili mahali ambapo kila mtu amenyamaza ni mapumziko ambayo mjini huyapati bure kwingine.

Zile nakala za PDF zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp mwandishi hapati hata senti. Nimesema, sitarudia.

Hatua ya 4: Kifunge kitabu kwenye jambo unalolifanya tayari

"Sina muda" tunaisema wote. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya kwanza ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na ya pili mwaka 1969, yuko Ikulu wakati wote huo. Sikutajii ili ujisikie vibaya. Nakutajia kwa sababu hata yeye hakuwa na "muda" unaoelea hewani ukimsubiri. Muda wa kusoma haupatikani. Unashonewa kwenye nguo nyingine.

Usijiwekee ratiba ya "saa mbili hadi saa tatu usiku". Saa mbili kutakuwa na mgeni, umeme utakatika, mtoto atakuwa na homework. Badala yake kifunge kitabu kwenye tukio: nikishafunga geti, nikishamimina chai ya alfajiri, nikishapata siti kwenye daladala, wakati wali unakauka jikoni. Tukio likija, kitabu kinafuata. Mimi changu ni daladala asubuhi na chandarua usiku.

Kwenye daladala kuna ufundi wake. Kaa dirishani upande usiopigwa jua. Soma foleni ikiwa imesimama, na ukihisi kichefuchefu funga, tazama mbali. Kitabu kiwe chembamba kinachoingia kwenye mkoba. Konda wa njia yetu ameshanizoea, siku nisipokuwa na kitabu ananiuliza, "Mwalimu, leo likizo?" Na faida nyingine: nimeona simu zikikwapuliwa dirishani pale kwenye mataa zaidi ya mara moja, lakini sijawahi kusikia kibaka amekimbia na riwaya.

Ndani ya chandarua, weka taa ndogo ya kuchaji nyuma ya bega, mwanga uangukie kwenye ukurasa na si machoni mwako wala mwa mwenzio. Taa hiyo iwe inakaa hapohapo kitandani. Ukianza kuitafuta, umeshashindwa.

Kiasi gani? Dakika kumi na tano. Nilijipima: ukurasa wa riwaya ya Kiswahili unanichukua kama dakika mbili, kwa hiyo ni kurasa saba kwa siku. Riwaya ya kurasa 150 inaisha ndani ya wiki tatu bila mtu kujua ulikuwa unafanya kitu. Na usidanganywe na wale wanaosema tabia inajengwa kwa siku 21. Watafiti wa chuo kimoja kikuu cha London walipowafuatilia watu 96 wakijijengea tabia mpya, matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha wastani wa siku 66, wa haraka zaidi siku 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho libandike ukutani.

Hatua ya 5: Simu

Usiape kuiacha. Utaapa Jumatatu, Jumatano umeshaivunja. Fanya jambo moja tu: wakati wa kitabu, simu iwe chumba kingine. Si mfukoni, si kifudifudi juu ya meza, si kimya. Chumba kingine. Kama unaishi chumba kimoja, iweke juu ya kabati ambapo lazima usimame kuichukua. Ule uvivu wa kusimama ndio mlinzi wako, na hadai mshahara.

Siku za mwanzo utaona jambo la aibu kidogo. Baada ya aya mbili mkono unajiendea wenyewe kutafuta simu isiyokuwepo. Mimi mkono wangu ulikuwa unapapasa godoro. Usishtuke, wala usijitukane. Weka kidole kwenye mstari ulioishia, vuta pumzi, endelea. Wiki ya kwanza ilinitokea kila dakika mbili. Mwezi wa pili nikaja kushtuka nimesoma kurasa kumi na mbili na chai imepoa.

Kama huna kitabu cha karatasi, ukasoma kwenye simu au kishikwambi, zima data kabisa na ushushe mwanga. Lakini usiku kabla ya kulala ningekushauri karatasi. Utafiti mdogo wa watu 12 uliotoka mwaka 2015 uliwasomesha watu kabla ya kulala kwa usiku tano kitabu cha karatasi, na usiku tano kingine kwenye kifaa chenye mwanga: wa kwenye kifaa walichelewa kupata usingizi kwa kama dakika kumi, homoni ya usingizi ilishuka, na asubuhi walikuwa wazito zaidi. Watu 12 ni wachache na walisoma kwa muda wa saa nne kila usiku, lakini mwili wangu unakubaliana nao.

Hatua ya 6: Jipe ruhusa ambazo shule ilikunyima

Kuacha kitabu katikati. Kuruka maelezo marefu ya mandhari. Kuchungulia mwisho. Kusoma vitatu kwa wakati mmoja, kimoja cha chooni. Kusahau majina ya wahusika. Kurudia kitabu ulichokwisha kukipenda mara ya nne huku kipya kinakusubiri.

Kanuni yangu ni kurasa 40. Kama hazijanishika, nakiacha bila kuaga.

Kitu kimoja ninachokuomba ukifanye ni penseli. Si ya kupigia mstari "mambo muhimu", hakuna mtihani. Ni ya kuweka nukta pembeni pale ambapo kitu kimekugusa, hata kama hujui kwa nini. Ukimaliza kitabu, pitia nukta tu. Nukta zangu za mwaka jana karibu zote zilikuwa kwenye sehemu zinazozungumzia ndugu waliokosana. Nilikuwa sijaongea na kaka yangu mkubwa tangu ugomvi wa kiwanja, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba nimeshasahau. Penseli haikusahau.

Hatua ya 7: Soma kwa sauti nyumbani

Tumeletewa picha ya msomaji kama mtu mpweke kwenye kona. Kwetu si lazima iwe hivyo. Pwani tenzi ziliandikwa zisomwe kwa sauti, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, na aliyesikiliza hakuhesabiwa kuwa hajasoma. Rudisha hilo. Chagua siku moja kwa wiki, baada ya chakula, kurasa nne tano. Kwetu ni Ijumaa. Mwanzoni watoto walicheka sauti yangu ya kihusika kibaya. Sasa nikichelewa wananikumbusha.

Na yule mama mkwe? Wiki ya tatu ya ziara yake nilikuwa nawasomea watoto, yeye yuko pale anachambua mchele, anajifanya hasikilizi. Nilipofunga kitabu, watoto wakaondoka, yeye hakuinuka. Ungo ulikuwa mapajani, mkono umesimama juu ya mchele. Akauliza: "Sasa yule msichana, mama yake alimwamini au hakumwamini?" Nikamwambia tutajua Ijumaa. Akasema, "Ijumaa mimi nitakuwa nimeshaondoka." Nikafungua tena, tukasoma hadi saa tano kasoro. Macho yake yana mtoto wa jicho, hajashika kitabu miaka mingi, lakini usiku ule aliniambia alilala bila kuwaza mguu unaomsumbua.

Kusoma kwa sauti kunakusaidia na wewe msomaji: pumzi lazima ifuate nukta na mkato, na pumzi ikipungua kasi, mwili mzima unafuata.

Hatua ya 8: Kitabu kikigoma kabisa

Kuna siku ambazo hakuna hatua itakayofanya kazi. Unasoma mstari mmoja mara tano na haubaki. Ikiwa ni siku mbili tatu za uchovu, pumzika. Lakini kama imezidi wiki mbili, na pamoja nayo huna raha na chochote, hulali au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, basi hilo si tatizo la kusoma. Sonona huchukua umakini mapema sana, na mtu hujidhania mvivu. Nenda hospitali, sema wazi dalili zako. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili, na Muhimbili ina idara kamili. Ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri miadi, mwambie mtu wa karibu leo hii.

Kitabu kinaweza kutembea na tiba. Uingereza tangu mwaka 2013 kuna mpango ambao daktari anaweza kukuelekeza kwenye orodha ya vitabu vilivyochaguliwa na wataalamu, unakwenda kuviazima maktaba ya mtaa wako. Kinatembea nayo, hakichukui nafasi yake.

Hatua ya 9: Kuazimisha

Ukikipenda kitabu utataka mtu mwingine akisome ili mpate kukiongelea, na kukiongelea ndiyo nusu ya utamu. Mpe. Ila andika. Tumia daftari dogo: jina la kitabu, jina la mtu, tarehe. Ndani ya jalada andika jina lako na namba ya simu kwa wino usiofutika. Usimwazime mtu vitabu viwili kwa mpigo. Cha pili kitageuka kigoda cha spika. Baada ya mwezi usimwulize "umemaliza?", neno hilo linanuka mtihani. Mwulize, "umefika wapi?"

Kwenye daftari langu sasa hivi vitabu kumi na kimoja viko nje. Kimoja kimetoka tangu 2019. Aliyekiazima ni shemeji yangu, mwana wa yuleyule mama mkwe, kwa hiyo mstari wake nimeshaukata kwa rula.